Salamabila: Msanii anayeanza akubali kazi ya bure? Historia ya Franco, Remmy Ongala na wengine

Katika cité ya Salamabila, teritware ya Kabambare, ndoa ikikaribia familia inatafuta watu wa kazi. Mpishi anapatana bei. Mwenye viti anapatana bei. Mwenye jenereta anapewa pesa ya mafuta na pesa ya mashine yake. Kisha anafuatwa kijana mwenye gita, naye anaambiwa: "Wewe njoo utupigie, watu watakujua." Usiku ukiisha, amepewa sahani ya wali na chupa moja ya soda.

Hadithi hiyo wanaijua vijana wengi wa hapa na wa Kasongo. Anaijua msichana anayechora mabango, anaijua kijana anayepiga picha kwa simu yake, na wanaijua wale wanaocheza mchezo wa kuigiza siku shirika linapokuja kuhamasisha watu juu ya kipindupindu. Vijana wanaoshika maikrofoni redioni asubuhi kabla ya jua kuchomoza wanaijua pia. Wote wanaambiwa kwamba mwanzoni hakuna mshahara, kwanza wajulikane.

Kwa familia zilizokimbia vita na kuacha mashamba yao, jambo hili si dogo. Kijana anayelala katika nyumba ya watu waliompokea pamoja na mama yake na wadogo zake akifanya kazi siku nzima bila malipo, siku hiyo nyumbani hakuna unga. Hata hivyo wazazi wengine wanasema: "Asiyeanza bure hatajulikana kamwe." Wengine wanajibu: "Aliyezoeshwa bure atabaki bure." Kila upande una sababu yake. Ili kuona ni wapi kila mmoja ana haki, inafaa kuangalia waliopita njia hiyo kabla ya vijana wa leo.

Maniema inajua kazi isiyo na malipo

Wazee wa eneo hili hawalisikii neno "kazi ya bure" kama jambo jipya. Mwaka 1917 serikali ya Wabeleji ilianza kuwalazimisha wanakijiji kulima mazao yaliyopangwa na wakubwa, na Maniema ilikuwa moja ya sehemu za kwanza ambako pamba ililimwa kwa lazima. Mkulima hakuchagua kulima, wala hakupanga bei: aliyenunua ndiye aliyesema itakuwa ngapi. Baadaye, wakati wa Mobutu, ilikuja salongo, kazi ya pamoja ya kufagia na kulima barabara, ambayo iliitwa ya kujitolea lakini asiyekwenda aliadhibiwa.

Lakini wazee haohao wanajua pia kazi ya bure iliyo nzuri. Leo watu kumi wanalima shamba la mmoja, kesho wanalima la mwingine. Mtu akifiwa, vijana wanachimba kaburi na hakuna anayeuliza pesa. Hiyo ni kazi inayorudi: unaitoa leo kwa jirani, na siku yako ikifika unaipata.

Hata katika mashimo ya dhahabu, ambayo Salamabila na Namoya zimeyajua tangu wakati wa Wabeleji, mchimbaji anaweza kukaa siku nyingi bila kushika franka hata moja. Mwenye shimo anamlisha, na yeye anachimba. Lakini kabla ya kushuka anajua kwamba jiwe likitoka litagawanywa, na anajua fungu lake. Akikuta fungu limepunguzwa, kelele zake zinasikika mlima mzima. Mchimbaji anakubali kusubiri malipo kwa sababu yeye na mwenye shimo wanasubiri pamoja.

Ni kipimo hicho ambacho msanii mara nyingi hapewi.

Mtoto wa mama muuza mikate

François Luambo Makiadi, ambaye dunia nzima ilimjua kwa jina la Franco, alizaliwa mwaka 1938 huko Sona Bata, katika Kongo ya Chini. Baba yake alikufa mwaka 1949, Franco akiwa bado mtoto. Mama yake aliuza mikate ya kukaanga sokoni Léopoldville, mji ambao sasa ni Kinshasa, na mtoto alipiga muziki karibu na meza ya mama ili wanunuzi wavutwe.

Hiyo ilikuwa kazi ya sanaa, na haikuwa na mshahara. Lakini nani angesema mtoto huyo alionewa? Mkate ukinunuliwa, pesa ilirudi katika sufuria aliyokula yeye mwenyewe.

Kisha akaja Ebengo Dewayon, kijana aliyemzidi umri kidogo, ambaye alijua gita. Franco alikaa karibu naye, akajifunza vidole vinakwenda wapi. Hapo pia hakulipwa. Lakini kila siku aliondoka na kitu ambacho jana hakuwa nacho, na kitu hicho hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Mlango wa tatu ulifunguka mwaka 1953. Wakati ule wafanyabiashara wa Kigiriki walikuwa na studio mjini: Ngoma ya Jeronimidis, iliyotoa wimbo Marie-Louise wa Wendo Kolosoy mwaka 1948, na Loningisa ya Papadimitriou. Franco aliingia Loningisa akiwa na miaka 15. Alipewa gita la kisasa na aliwekwa karibu na Henri Bowane, mpiga gita mkubwa wa siku zile, ambaye ndiye aliyempa jina la Franco. Na alitia sahihi mkataba wa miaka 10.

Miaka kumi, kwa mtoto wa miaka kumi na mitano! Gita alilipata, mwalimu alimpata, jina alilipata. Lakini sahani za muziki ziliuzwa na mwenye studio, na mwenye studio ndiye aliyejua ni ngapi zimeuzwa. Mtoto hakuwa tena karibu na meza ya mama yake. Alikuwa karibu na meza ya mtu mwingine.

Franco alitoka katika hali ile. Mwaka 1956 yeye na wenzake waliunda OK Jazz, na baadaye akawa na alama yake mwenyewe ya kutoa sahani. Wakati huohuo Joseph Kabasele, Grand Kallé, alifungua Surboum African Jazz mwaka 1960, mwaka wa uhuru, na wimbo wake Indépendance Cha Cha ulikwenda Afrika nzima. Wanamuziki walielewa kwamba uhuru wa bendera hautoshi ikiwa daftari la mauzo liko mikononi mwa mwingine.

Basi katika maisha ya mtoto mmoja tunaona milango mitatu. Wa kwanza ni kazi ya nyumbani, wa pili ni kujifunza kwa fundi, wa tatu ni kumfanyia kazi mtu anayeuza. Mtu akisema "Franco pia alianza bure," inabidi aulizwe: katika mlango upi? Kwa sababu ni mlango wa tatu ambao familia ya ndoa, mgombea wa uchaguzi na mwenye duka wanamkaribisha kijana wa Salamabila, huku wakizungumza kama vile ni wa kwanza au wa pili.

Shilingi kumi

Kuna watu ambao hawakupata nafasi ya kutoka katika mlango wa tatu.

Mwaka 1939 Solomon Linda, Mzulu aliyefanya kazi Johannesburg, Afrika ya Kusini, aliimba wimbo wake Mbube katika studio ya Gallo. Haki za wimbo aliziuza kwa shilingi 10. Wimbo ulivuka bahari, ukabadilishwa maneno, ukaimbwa Marekani mwaka 1961 kwa jina la The Lion Sleeps Tonight, na watoto wa dunia nzima waliusikia tena katika sinema ya simba ya Disney mwaka 1994. Linda alikufa mwaka 1962 akiwa maskini. Ilibidi kufika mwaka 2006 ili binti zake wapatane na waliokuwa wakiuza wimbo ule.

Karibu na sisi kuna wimbo wa mapenzi Malaika, ambao karibu kila msemaji wa Kiswahili anaujua. Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha Miriam Makeba na Boney M wakaufikisha mbali. Mpaka leo watu wanabishana nani aliutunga: wengine wanasema ni Fadhili mwenyewe, wengine wanasema ni Adam Salim wa Tanzania, wengine wanamtaja Grant Charo. Ubishi wa namna hiyo unakua mahali ambapo wimbo ulipigwa na kupendwa kabla mtu hajaandika kwenye karatasi: huu ni wa fulani, umetungwa siku fulani.

Tukumbuke kwamba Linda hakufanya kazi bure kabisa. Alilipwa shilingi. Kilichomuumiza ni kwamba kwa malipo ya siku moja alitoa kitu ambacho kingeuzwa miaka na miaka. Kijana anaweza kuibiwa akiwa amelipwa, na anaweza kufaidika bila kulipwa. Kwa hiyo haitoshi kuuliza "kuna pesa au hakuna?" Inabidi kuuliza pia kile anachotoa kitakwenda wapi, na kitakwenda na jina la nani.

Mtoto wa Kindu aliyefika Dar es Salaam

Wanaotetea kazi ya bure wana mfano mzuri pia, na unatoka kwetu Maniema.

Ramazani Mtoro Ongala, Remmy Ongala, alizaliwa mwaka 1947 katika eneo la Kindu. Baba yake, ambaye alikuwa mtu wa ngoma, alikufa Remmy akiwa mdogo. Mwaka 1964 mama naye akafa, na Remmy akabaki na wadogo wa kulea. Aliingia katika muziki akiwa kijana asiye na kitu. Alizunguka na bendi mbalimbali, na mwaka 1978 akafika Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, ambako alikuwa na mjomba. Baadaye akaingia Matimila, bendi ambayo vyombo vyake vilikuwa mali ya mfanyabiashara.

Wakati ule Tanzania, mahali pa kurekodi palikuwa hasa Redio Tanzania. Bendi ilikwenda, ikapiga, na kanda zikabaki katika maktaba ya redio. Mwanamuziki hakutajirika kwa kanda zile. Lakini kanda za Matimila zilifika Uingereza, kwa watu wa tamasha la WOMAD. Mwaka 1988 walitoa Nalilia Mwana, na mwaka huohuo Remmy akaanza kusafiri nao. Mwaka 1989 ikafuata Songs for the Poor Man. Yatima wa Kindu akaimba Ulaya kwa Kiswahili. Alikufa Dar es Salaam mwezi wa Desemba 2010, na sehemu alipoishi, Sinza, watu bado wanaiita kwa Remmy.

Kwa hiyo kazi yenye malipo madogo inaweza kufungua barabara. Historia yake inatuonyesha hilo waziwazi. Lakini angalieni mambo mawili. Kwanza, kanda zile zilisafiri na jina lake na jina la bendi yake. Aliyezisikia Uingereza alijua amtafute nani. Pili, Remmy hakula kwa kanda: alikula kwa dansi, usiku ambao watu walilipa mlangoni. Redio ilikuwa sauti ya kuwaita watu waje dansini.

Jean-Bosco Mwenda wa Katanga alifanana naye kwa hilo. Alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na wimbo wake Masanga ukapata tuzo ya Osborn ya mwaka 1952. Baada ya hapo alipiga Nairobi, na mwaka 1969 alifika tamasha la Newport, Marekani. Lakini katika maisha yake hakuacha kuwa na kazi nyingine za kumlisha. Gita lilimpa jina, na kazi nyingine ilimpa uwezo wa kusema "hapana" pale bei ilipokuwa mbaya.

Kijana aliyekimbia kijiji chake hana kazi nyingine hiyo. Ndiyo maana ushauri wa "jitolee kwanza" haulingani kwa wote. Mtoto wa mwenye duka anaweza kujitolea mwaka mzima, kwa kuwa jioni anakuta chakula. Mtoto wa mkimbizi akijitolea miezi miwili, ataacha. Sanaa ikijaa watu walioweza kufanya bure tu, sauti za wale waliokimbia hazitasikika, na habari zao zitasimuliwa na wengine.

Maikrofoni isiyo na mshahara

Mahali ambapo hatari ya kazi ya bure inagusa watu wengi zaidi ni redioni. Redio nyingi za jamii katika Kongo yetu zinaishi kwa matangazo ya vifo, salamu, na msaada wa mradi unaokuja na kuondoka. Watangazaji wengi hawana mshahara wa mwezi. Kijana anaingia kama mwanafunzi wa kazi, mwaka unapita, wa pili unapita, na bado anaitwa mwanafunzi.

Kutoka hapo inazaliwa desturi ambayo waandishi wa Kongo wanaiita coupage: aliyeita waandishi kwenye mkutano wake anawapa bahasha. Mwezi wa Machi 2004, waandishi wa nchi nzima walikutana Kinshasa, wakaunda UNPC, muungano wao, na kupitisha kanuni za maadili ya kazi. Kanuni zinamtaka mwandishi asinunuliwe. Lakini asiyelipwa na redio yake analipwa na nani? Mwenye bahasha anajua jibu.

Tufikirie mama aliyekimbia na watoto wanne, anayesikiliza redio ili ajue kama barabara ya kijiji chake iko salama. Habari hiyo imesomwa na kijana ambaye hajala tangu jana, na jana mkubwa fulani alimpa franka elfu tano aseme hali imetulia. Mama anafunga mzigo, anarudi. Kazi ya bure ya kijana yule imekuwa deni, na mama ndiye anayelilipa.

Je, kijana akatae redio? Hapana. Redio nyingi ni kama shimo ambalo jiwe bado halijatoka: hata mkurugenzi hapati kitu, na wote wanasubiri pamoja. Hapo kujitolea kuna maana. Lakini siku jiwe likitoka, mradi ukija au mgombea akinunua saa za kampeni, fungu la aliyeshika maikrofoni lijulikane. Pesa ikiingia na daftari likafungwa, hapo si kujitolea tena.

Sheria inasema nini

Nchi yetu si tupu kwa sheria. Mwaka 1969 iliundwa SONECA kwa ajili ya haki za watunzi, na mwaka 2011 SOCODA ikachukua kazi hiyo. Sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inamlinda mtunzi: kazi ni yake, na jina lake linabaki juu ya kazi yake hata akiwa ameuza haki ya kuitumia. Ulinzi unaendelea miaka 50 baada ya kifo chake. Sheria ya kazi ya Oktoba 2002 nayo inasema mkataba wa kujifunza kazi uwe wa maandishi.

Ofisi hizo ziko mbali na Salamabila, na kijana hatapanda ndege kwenda Kinshasa kulalamika kwa ajili ya wimbo wa ndoa. Lakini karatasi haiko mbali. Ukurasa mmoja wa daftari, wenye tarehe, majina mawili na sahihi ya shahidi, unaweza kuandikwa chini ya mwembe. Solomon Linda alikosa mtu wa kumwambia nini cha kuandika.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusema ndiyo

Kutokana na waliotangulia, kijana anayeitwa kufanya kazi ya sanaa bila malipo anaweza kuuliza mambo manne.

La kwanza: nani anapata pesa kwa kazi hii? Ikiwa hakuna anayepata, kama kwaya ya kanisa, kaswida ya msikitini, matanga au wimbo wa shule, basi ni kazi inayorudi, na anaweza kuitoa kwa moyo mweupe. Ikiwa mpishi analipwa na mwenye viti analipwa, naye alipwe, hata kama ni kidogo kwa kuwa bado anaanza.

La pili: nitajifunza nini, na kwa nani? Kubeba vipaza sauti vya bendi wakati mpiga gita anakufundisha ni shule. Kuvibeba miezi sita bila kuguswa gita ni kazi ya kubeba, na wabebaji sokoni wanalipwa.

La tatu: mwisho wake ni lini? Miezi mitatu inaeleweka. "Tutaona" haieleweki. Franco mwenyewe, pamoja na akili yake yote, alitia sahihi miaka kumi.

La nne: jina langu litakuwa wapi? Picha ikitumwa, wimbo ukipigwa, bango likibandikwa, mwenye kazi atajwe. Anayekataa kukulipa na pia anakataa kukutaja, huyo hana cha kukupa.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto akirudi usiku na sahani ya wali, wasimcheke wala wasimsifu tu. Wamuulize maswali hayo manne. Na siku ya ndoa ya nyumbani kwao, wanapokaa kupanga bajeti na kuandika mpishi, viti na jenereta, waandike pia mstari mmoja wa mwenye gita. Kama pesa haitoshi, waseme mbele yake kabla hajafungua mfuko wa gita, ili achague mwenyewe kuwapa zawadi au kurudi nyumbani mapema.